Kijana Mwenye Usonji Anapokuja Kujifunza Kazi Stesheni: Mwongozo kwa Wasimamizi na Wazazi

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mkuu wa stesheni, fundi wa karakana na mzazi. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma Julai mwaka huohuo. Reli inakua, na vijana wenye usonji wana haki ya kujifunza kazi humo kama wenzao.

Usonji ni nini

Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani. Hauambukizi, si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Wapo wasioongea, na wapo wanaoongea vizuri lakini hawashiki mafumbo. Wengi huumizwa na kelele, mwanga mkali au msongamano.

Ajira bado ni mlima. Hata Uingereza, ripoti ya Februari 2024 kuhusu ajira ya wenye usonji, iliyoongozwa na Robert Buckland, ilionyesha kuwa ni watu wazima 3 tu kati ya 10 wenye usonji waliokuwa na kazi.

Kwa nini reli

Kazi ya reli huenda kwa ratiba na kanuni zilizoandikwa. Kukagua tiketi, kupanga vipuri stoo, kuandika muda treni ilipoingia na kutoka: zote zinamtaka mtu makini, asiyeruka hatua. Vijana wengi wenye usonji wana sifa hiyo. Hata hivyo, usidhani kila mmoja anapenda treni. Muulize.

Kabla ya siku ya kwanza

- Mwalike atembelee stesheni wakati abiria ni wachache. Aone choo, mahali pa kula na chumba tulivu.
- Mteulie mtu mmoja wa kumwelekeza, na amjue mapema.
- Mpe ratiba ya wiki kwa maandishi au picha.
- Andika saa kwa namna mbili: "08:00, yaani saa 2 asubuhi." Kijana anayeshika neno kama lilivyo anaweza kuisoma 08:00 akafika saa 8 mchana.

Akiwa kazini

Toa agizo moja kwa wakati, lenye mwanzo na mwisho. Ukimwambia, "Hebu saidia saidia pale getini," atabaki amesimama. Mwambie: "Simama geti namba 2. Kagua tiketi ya kila abiria. Saa 4:30 njoo ofisini kwangu." Kazi itafanyika. Usimlazimishe akutazame usoni, anakusikia. Treni ikichelewa, mweleze mara moja kilichobadilika na atakachofanya badala yake.

Usalama

Kanuni za usalama hazilegezwi kwa yeyote. Mpeleke mahali penyewe umwonyeshe ukingo wa jukwaa, njia asizovuka na nyaya za umeme asizozikaribia. Mweleze sababu, kisha naye akuonyeshe alichoelewa. Vizuia kelele humsaidia ofisini na kwenye ukumbi wa abiria, lakini asivae mahali anapopaswa kusikia honi.

Akizidiwa

Akiziba masikio, akitembea huku na huko au akinyamaza ghafla, si kiburi. Mpeleke kwenye chumba tulivu, punguza maneno, usimshike bila ridhaa yake. Mpe muda.

Neno kwa mzazi

Mfanyishe mazoezi ya safari ya kwenda kazini hadi aizoee. Kwa idhini yake, mweleze msimamizi yanayomtuliza na yanayomtibua. Kisha mwachie nafasi. Kazi ni yake.

Mafunzo yakiisha

Mpe barua inayotaja kazi alizofanya na alizozimudu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ya Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Basi mafunzo yasiishie kwenye picha ya pamoja na vyeti. Msimamizi, nafasi inapotangazwa, mwite kijana uliyemfundisha. Kazi umemwona akiifanya, mpe ajira.