Asali, Maji na Hamira: Kemia ya Wanzuki wa Sikukuu

Misitu ya miombo ya wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ni malisho mazuri ya nyuki, na asali ni zao linalojulikana sana katika vijiji vya huko, Kitahana kikiwa kimojawapo. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Tanzania asali hutiwa maji na kuachwa ichachuke hadi iwe wanzuki, pombe ya arusi na ya sikukuu. Hapo pana fumbo la kisayansi: asali iliyofunikwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika, lakini ikitiwa maji huanza kutoa povu baada ya siku chache tu. Maji yamefanya nini?

Kwa nini asali haichachuki

Katika gramu 100 za asali iliyoiva, gramu zipatazo 80 ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Maji ni gramu 17 hadi 20 tu. Hamira ni kuvu wadogo sana, kila mmoja akiwa seli moja. Hamira ikiingia katika asali nzito, maji hutoka ndani ya seli zake kwa osmosi. Seli husinyaa na kushindwa kuzaana. Maji yakiongezwa, kizuizi hicho huondoka. Ndiyo sababu asali iliyorinwa kabla ya nyuki kuziba masega kwa nta, ikiwa bado na maji mengi, huweza kuchachuka ndani ya debe na kumtia mrinaji hasara.

Kinachotokea ndani ya chombo

Mwaka 1857 Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, alieleza kwamba mchachuko ni kazi ya viumbe hai. Pasipo oksijeni, hamira huvunja sukari hivi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Yaani, gramu 180 za glukosi au fruktosi hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kabonidayoksaidi.

Hamira hiyo yaweza kutoka katika asali yenyewe, hewani, au katika chombo kilichotumika zamani. Nchini Kenya, watengenezaji wa muratina hutia tunda kavu la mwegea, ambalo huhifadhi hamira kutoka pombe moja hadi nyingine.

Hesabu yenye onyo

Tuseme kilo 1 ya asali imetiwa katika lita 4 za maji. Sukari ni gramu 800 hivi. Ikichachuka yote, itatoa gramu 409 za alkoholi na gramu 391 za gesi.

Gesi hiyo, ikiwa huru, hujaza karibu lita 200. Kwa hiyo anayefunga wanzuki kwa kizibo kigumu kabla haijatulia ametengeneza kitu cha kupasuka, na vigae vya chupa vimeweza kumpofusha mtu. Chombo kifunikwe, lakini gesi ipate njia ya kutoka. Kikiachwa wazi kabisa, bakteria watumiao oksijeni hugeuza alkoholi kuwa siki.

Alkoholi nayo ingefikia asilimia 11 hivi ya ujazo wote, yaani zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida. Mchachuko ukikatika njiani kiasi hupungua, lakini mnywaji hawezi kukipima kwa ulimi, hasa asali ikiongezwa mwishoni. Utamu si dalili ya upole.

Jaribio la darasani

Chukua chupa tatu ndogo. Katika A tia vijiko vitano vya asali na hamira kidogo. Katika B tia kijiko kimoja cha asali, vijiko vinne vya maji vuguvugu na hamira ileile. Katika C fanya kama B, lakini hamira ichemshwe kwanza, kisha ipoe. Vika kila mdomo wa chupa puto, uziweke mahali pa joto, uandike uonayo kwa siku mbili. Mchanganyiko usionjwe.

Maswali

1. Puto lipi limejaa zaidi, na kwa nini?
2. C inathibitisha nini kuhusu hamira?
3. Gesi ikipitishwa katika maji ya chokaa, nini kitaonekana?
4. Kilo 2 za asali zitatoa gramu ngapi za alkoholi, sukari yote ikichachuka?