Radoni: Gesi Isiyotambulika kwa Pua

Mmekwisha kujifunza kwamba hewa ni mchanganyiko wa gesi mbalimbali. Leo tutajifunza juu ya gesi moja itokayo ardhini, iitwayo radoni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Mtu aweza kulala nayo chumbani kila usiku asiitambue.

Radoni hutoka wapi?

Katika miamba na udongo mna madini ya urani, kwa kawaida kwa kiasi kidogo sana. Urani hubadilika polepole, na katika mabadiliko hayo hutokea radoni. Gesi hiyo hupenya katika nyufa za ardhi ikatoka nje. Mahali pa wazi, upepo huitawanya. Lakini ikipita katika nyufa za sakafu na kuingia katika nyumba iliyofungwa sana, hukusanyika.

Radoni hutoa mionzi. Mtu akiivuta kwa wingi kwa miaka mingi, aweza kupata saratani ya mapafu. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mvutaji wa sigara.

Kengele iliyolia asubuhi

Mwaka 1984, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mhandisi mmoja alifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia. Mlangoni palikuwa na mashine ya kupima mionzi. Mhandisi huyo alipopita, kengele ililia. Watu walishangaa, kwa kuwa mtambo ulikuwa haujaanza kuzalisha umeme. Siku moja alipimwa asubuhi alipokuwa akiingia kazini. Kengele ikalia vilevile! Basi mionzi ilitoka wapi? Ilitoka nyumbani kwake, karibu na mji mdogo wa Boyertown. Nyumba ilipopimwa, ilionekana ina radoni nyingi mno.

Jamaa yote ilihama. Mafundi walirekebisha nyumba ili hewa ya ardhini isiingie ndani. Baada ya miezi kadhaa, wenye nyumba walirudi wakakaa kwa salama.

Kupima nyumba

Nyumba mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana: moja ina radoni nyingi, nyingine kidogo. Kwa hiyo kila nyumba hupimwa peke yake. Kikopo chenye mkaa maalumu huwekwa katika chumba cha chini kinachokaliwa. Madirisha hufungwa. Baada ya siku chache, kikopo hufunikwa na kupelekwa maabara. Radoni ikiwa nyingi, nyufa za sakafu huzibwa, na bomba lenye feni huvuta hewa ya chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa.

Jaribio

1. Weka kitunguu kilichokatwa ndani ya boksi. Lifunge kwa nusu saa, kisha lifungue na unuse.
2. Acha boksi wazi penye upepo kwa nusu saa. Nusa tena. Umeona tofauti gani?

Harufu ya kitunguu hukusanyika kama radoni ikusanyikavyo. Lakini kumbuka: kitunguu hunuka, radoni hainuki. Pua haiwezi kutuonya. Chombo cha kupimia ndicho kituonyacho.

Maswali

1. Kwa nini radoni haidhuru sana mahali pa wazi?
2. Watu walijuaje kwamba mionzi ya mhandisi haikutoka kazini?
3. Jirani akisema, "Nyumba yangu haina harufu mbaya, basi haina radoni," utamjibuje?