Usibaki na Kesi Peke Yako: Jinsi ya Kujenga Mtandao wa Wataalamu wa Saikoanalisia katika Hospitali za Umma

Mtaalamu wa tiba ya saikoanalisia aliyeajiriwa katika hospitali ya umma mara nyingi ndiye pekee wa aina yake katika jengo zima. Wenzake ni madaktari wa magonjwa ya akili, wauguzi, wanasaikolojia tiba na maofisa ustawi wa jamii, na kila mmoja ana foleni yake mlangoni. Yeye hukaa na mgonjwa mmoja kwa dakika 50, akipokea hasira, aibu na mapenzi ambayo mgonjwa anamhamishia kutoka kwa wazazi na watu wa zamani. Akitoka hapo hana wa kumsimulia. Hali hiyo ikiendelea, ataanza kuwaogopa baadhi ya wagonjwa na kuwapenda wengine kupita kiasi, asijue sababu.

Ndiyo maana mtandao wa kitaaluma ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si jambo la kufanya muda ukibaki. Hatua zifuatazo zimetokana kwa sehemu kubwa na yaliyojaribiwa Uingereza, ambako tiba hii imekuwamo ndani ya huduma ya afya ya taifa, NHS, tangu ilipoanzishwa mwaka 1948. Mtu wa Nairobi, Dodoma au Kampala anaweza kuzifuata bila bajeti kubwa.

Hatua ya 1: Jua unachohitaji

Chukua karatasi uigawe sehemu tatu. Ya kwanza ni wenzako wa kujadili nao kesi. Ya pili ni msimamizi, yaani mtu mwenye uzoefu kukuzidi anayeifuatilia kazi yako kwa karibu. Ya tatu ni watu watakaoitetea huduma yako bajeti inapopunguzwa. Andika majina uliyo nayo katika kila sehemu, kisha anza na ile iliyo tupu. Namba za simu zilizokusanywa kwenye makongamano hazikusaidii chochote siku mgonjwa anapotishia kujiua.

Hatua ya 2: Anza na watu wa jengo lako

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Isabel Menzies Lyth alichunguza kazi ya uuguzi katika hospitali moja kubwa ya kufundishia jijini London. Aliona kwamba kazi ilikuwa imekatwakatwa vipande vidogo ili muuguzi asikae karibu na mgonjwa mmoja kwa muda mrefu, na kwamba wagonjwa walitajwa kwa kiungo kinachougua na namba ya kitanda. Utaratibu huo uliwakinga wauguzi dhidi ya hofu ya maumivu na kifo, lakini uliwanyima pia furaha ya kazi yao. Karibu theluthi ya wanafunzi wa uuguzi waliacha kabla ya kuhitimu.

Kwa hiyo, kabla ya kulalamika kwamba wenzako hawaelewi kazi yako, jiulize wanajikinga na nini. Hudhuria raundi ya wodi. Fika mapema asubuhi, wakati zamu ya usiku inakabidhi kazi. Eleza unachofanya kwa Kiswahili chepesi, bila istilahi, kisha uliza swali moja: ni mgonjwa gani anayewaelemea wiki hii? Atakayejibu kwa kirefu ndiye mtu wa kwanza wa mtandao wako.

Hatua ya 3: Anzisha kundi la kesi

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Katika miaka ya 1950, Michael Balint, daktari mzaliwa wa Hungaria, akishirikiana na mkewe Enid, aliwakusanya madaktari wa kawaida katika Kliniki ya Tavistock, London, wazungumzie wagonjwa waliowasumbua. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1957. Leo nchini Uingereza, daktari anayesomea magonjwa ya akili hushiriki kundi la namna hii kama sehemu ya mafunzo yake.

Fanya hivi:

1. Omba kibali cha maandishi kwa mganga mfawidhi au mkuu wa idara.
2. Tafuta watu 6 hadi 12 wa kada mbalimbali, na chumba chenye mlango unaofungika.
3. Panga siku na saa isiyobadilika, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa dakika 60 hadi 90. Kundi linalokutana "tukipata nafasi" hufa.
4. Mmoja asimulie kesi kutoka kichwani, bila faili. Anachokisahau nacho kina maana.
5. Wengine waulize maswali machache ya kupata ukweli tu.
6. Kisha msimulizi arudishe kiti nyuma kidogo na kunyamaza. Wengine waseme walichohisi na wanachodhani kinatokea kati yake na mgonjwa. Kutoa ushauri ni marufuku.
7. Mwishoni msimulizi arudi na kusema amesikia nini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi anasimulia juu ya mama anayelazwa tena na tena kwa sababu hamezi dawa. Anapoendelea, watu wawili wanachungulia simu, mmoja anacheka bila sababu. Kiongozi wa kundi anauliza, "Mbona tumechoka ghafla?" Mtu anajibu, "Mimi nilitaka amalize tu." Ukimya unaingia, kisha mwingine anasema huenda hivyo ndivyo mama huyo anavyosikilizwa nyumbani: kila mtu anasubiri amalize. Muuguzi hakupewa dawa mpya wala maelekezo, lakini anarudi wodini akiwa na swali ambalo hakuwa nalo: nani amewahi kumsikiliza mama huyu hadi mwisho?

Hatua ya 4: Linda siri za wagonjwa

Kundi la WhatsApp linafaa kutangaza saa na chumba. Halifai kabisa kujadili kesi, hata kwa majina ya kubuni. Katika mji mdogo, ukisema "mwalimu wa shule ya kule mlimani aliyefiwa na pacha wake", umeshamtaja. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zisome. Weka pia kanuni kwamba mwanakundi anayemfahamu mgonjwa au aliye ndugu yake atatoka chumbani kesi hiyo inapojadiliwa, bila kuulizwa sababu.

Hatua ya 5: Tafuta msimamizi na chama

Kama hakuna msimamizi karibu, tafuta wa mbali kwa njia ya video. Andika barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, una mafunzo gani, unahudumia wagonjwa wa aina gani, unaomba vikao vingapi kwa mwezi, na unaweza kulipa kiasi gani. Anayejua anachoombwa hujibu upesi. Kama anaishi Uingereza, kumbuka kwamba saa za huko hubadilika mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Saa 11 jioni ya Nairobi ni saa 8 mchana London wakati wa baridi, na saa 9 wakati wa kiangazi.

Kwa upande wa vyama, British Psychoanalytic Council hutunza orodha ya wataalamu waliosajiliwa, na humo unaweza kuhakiki sifa za unayemwendea. Jarida la Psychoanalytic Psychotherapy, linalotoka tangu 1985, huandika kuhusu kazi hii katika huduma za umma. Nchini Kenya kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Jiunge na chama cha nchi yako kwanza, kwa sababu ndicho kitakachosimama nawe kukiwa na mgogoro kazini.

Hatua ya 6: Peleka ushahidi kwa uongozi

Mtandao usio na sauti ofisini hautadumu. Utafiti wa Tavistock uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watu 129 wenye sonona sugu ambayo tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuiponya. Miaka miwili baada ya tiba ya miezi 18 kwisha, asilimia 44 ya waliopewa tiba ya saikoanalisia hawakukidhi tena vigezo vya sonona kali. Kwa waliopata huduma ya kawaida peke yake, ilikuwa asilimia 10. Ambatanisha utafiti huo na takwimu zako: mahudhurio ya kundi, wagonjwa waliorudi kulazwa, wauguzi walioomba kuhama wodi. Peleka ripoti ya ukurasa mmoja kila robo mwaka, hata kama hujaombwa.

Usisubiri kongamano wala ufadhili. Wiki hii, zungumza na wenzako wawili katika jengo lako, chagueni siku na chumba, na mmoja wenu aje na kesi ya mgonjwa anayemnyima usingizi. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa na mtu ambaye naye ana watu wa kumsikiliza.