Vinundu vya Mizizi ya Kunde

Chimbeni mche mmoja wa kunde uanzapo kutoa maua, msiuvute kwa nguvu, kisha ioshe­ni mizizi yake. Mtaona vinundu vidogo. Wengi hudhani kwamba ni ugonjwa, nao sio. (Uvimbe wa minyoo ya mizizi haubanduki, vinundu hivi hubanduka kwa kidole.)

Katika hewa tuivutayo, sehemu 78 kwa 100 ni naitrojeni, nayo ni chakula kikuu cha majani, lakini mmea hauwezi kuila jinsi ilivyo. Ndani ya vinundu hukaa bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao huigeuza iwe chakula, na mmea huwalipa kwa sukari. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilitangaza jambo hili mwaka 1886. Kwa hiyo kunde husitawi hata katika mchanga uliochoka, ambapo mahindi hugeuka manjano.

Pasueni kinundu. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea; kikiwa cha kijani, imekwisha.

Walakini naitrojeni nyingi huingia katika mbegu, nazo huliwa au huuzwa. Shamba huachiwa majani na mizizi tu. Basi mtu aking'oa yote na kuyachoma moto, sehemu kubwa ya naitrojeni ile hurudi hewani, na mahindi ya mwaka ujao hayaipati. Kateni shina kwa mundu, mizizi ibaki chini, majani yafukieni.

Soya ni shida zaidi: mara nyingi bakteria wake hawamo udongoni, hata mbegu zichanganywe nao kivulini kabla ya kupandwa, maana jua kali huwaua.