UMEME WA VILIMANI: JUA NA MWENZAKE



Ninyi mliomaliza shule zamani, mkipita Mubuga karibu na Gitega mtaona shamba zima la paneli za jua. Zilianza kazi mwaka 2021, nazo zina nguvu ya megawati 7.5. Lakini umeme wake huingia katika nyaya za taifa, na kilima kisichofikiwa na nyaya hakiuonji. Basi kilima cha namna hiyo, kama chetu upande wa Muyinga, kichague nini?

Wengi husema: jua mchana, dizeli usiku. Sawa, penye dizeli. Nchi yetu haichimbi mafuta, na tangu 2022 tumeyakosa mara nyingi. Likizo iliyopita niliona jenereta ya kituo kimoja cha afya imefunikwa turubai, kuku wamelala juu yake. Mkunga aliniambia kwamba huzalisha akina mama kwa tochi ya simu.

Haya, tuhesabu. Taa 10 za wati 8, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 400. Tuseme friji ya chanjo hula 1,000, simu na redio 300. Jumla ni 1,700. Tukipata jua kamili saa 4 na nusu kwa siku, na theluthi ya umeme ikipotea njiani, paneli za wati 600 zatosha, pamoja na betri za kuvumilia siku mbili za mawingu. Hapo jua halihitaji mwenzake.

Lakini watu wakitaka mashine ya kusaga mahindi, mambo hugeuka. Mota ya kilowati 7.5 ikisaga saa 4 hula wati-saa 30,000. Kuiendesha kwa betri ni gharama kubwa, na betri huchakaa. Hapo tutazame kijito. Lita 50 kwa sekunde, zikianguka mita 20, zina nguvu ya karibu kilowati 10; mtambo mdogo hutupatia kama nusu yake. Mota isage mchana, paneli zikiongeza kilichopungua. Usiku maji yawashe taa. Wakati wa mvua mawingu ni mengi, lakini kijito kimejaa. Kiangazi kijito hupungua, na mbingu ni nyeupe.

Ila kijito kipimwe mwezi wa Agosti, si Aprili. Anayepima wakati wa mvua atanunua mtambo mkubwa kuliko maji yake, na kiangazi mota haitazunguka.