Ladha Hufundishwa: Kuzoea Vyakula Vipya Katika Kaya

Kijitabu cha elimu ya lishe kwa kaya za Mabogini na vijiji jirani

Ladha zetu zimebadilika

Wazee wengi wa Mabogini, au wazazi wao, waliteremka kutoka vihambani mlimani, ambako chakula kilikuwa ndizi: mtori, machalari, kiburu, kitawa. Wengine walikuja kutoka Upareni na kwingineko na makande yao. Miaka ya 1980 mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulijengwa kwa msaada wa Japani, na mpunga ukaenea Mabogini, Oria na Chekereni. Wali, ambao kwa familia nyingi ulikuwa chakula cha sikukuu, ukawa chakula cha kawaida. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu na dagaa nao wakaingia jikoni.

Kwa hiyo tunajua wenyewe kwamba mtu huzoea chakula asichokulia. Lakini si kila tulichozoea kimetufaa. Mchele mweupe uliokobolewa sana hupoteza sehemu kubwa ya vitamini B na nyuzinyuzi. Wali mtupu na chai yenye sukari nyingi hushibisha bila kujenga mwili. Kiburu cha bibi kilikuwa na ndizi na maharage katika chungu kimoja, na pembeni palikuwa na mnafu. Watoto wetu wengi leo huusukuma mnafu pembeni ya sahani.

Ujumbe wetu ni mmoja: ladha hufundishwa, na mwalimu wake wa kwanza ni kaya.

Kwa nini mtoto hukataa chakula kipya?

Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuchukia uchungu. Ni kinga ya maumbile, kwa kuwa mimea mingi yenye sumu ni michungu. Kukataa huzidi kati ya umri wa miaka 2 na 6, mtoto anapotembea na kuokota vitu mwenyewe. Mzazi, usimwite mkaidi. Anahitaji muda.

Mafunzo ya ladha huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ladha za vyakula anavyokula mama hufika kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na baadaye kwenye maziwa ya mama. Mama mjamzito au anayenyonyesha akila mboga za aina nyingi, anamwandaa mwanawe kuzipokea.

Namna ya kumzoesha

1. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo anza vyakula vya nyongeza huku ukiendelea kunyonyesha.
2. Mpe chakula kipya kimoja kimoja, kidogo, pamoja na anachokipenda. Kijiko cha mnafu kando ya ndizi kinatosha kuanzia.
3. Akikataa, ondoa bila ugomvi, kisha mpe tena siku nyingine. Watoto wengi huhitaji kuonja mara 8 hadi 15 kabla ya kukubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.
4. Kuleni pamoja. Baba akiacha mboga, mtoto ataacha.
5. Usimlazimishe, wala usimwahidi soda au pipi ili ale mboga. Atajifunza kwamba mboga ni adhabu na pipi ni zawadi.
6. Punguza uchungu wa mboga kwa maziwa au karanga zilizosagwa. Usizoee magadi: yana floridi, ambayo ikizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva upesi bila magadi.

Tahadhari

- Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali.
- Watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima, zinaweza kuwapalia. Zisage.
- Baada ya kuonjesha mayai, samaki au karanga kwa mara ya kwanza, angalia kama mtoto anavimba, anatoka vipele au anapumua kwa shida. Akipata dalili hizo, mpeleke kituo cha afya mara moja.
- Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana. Kwenye mnafu, chuma majani na uache vitunda vibichi vya kijani.
- Uyoga au mmea wa porini usioujua usiuonje kamwe.

Wakubwa nao hujifunza

Ulimi uliozoea chumvi nyingi huona chakula chenye chumvi kidogo hakina ladha. Punguza taratibu, baada ya wiki chache ulimi utakubali. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vyakula vya kununua. Sukari ya chai nayo ipunguzwe hivyo hivyo.

Babu na bibi huweza kupungukiwa uwezo wa kunusa na kuonja, wakaongeza chumvi mezani. Wapikie kwa limau, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya.

Lini uende kituo cha afya?

- Mtoto anakataa karibu kila chakula, au uzito wake kwenye kadi ya kliniki hauongezeki.
- Mjamzito ana hamu ya kula udongo. Udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na hamu hiyo huenda ikaambatana na upungufu wa damu. Apimwe, na ameze vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki.
- Mtu mzima amepoteza ladha ghafla, au ana vidonda mdomoni visivyopona.

Anzeni wiki hii

Chagueni pamoja chakula kimoja ambacho kaya imeacha au haijawahi kula: viazi lishe vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, mnafu, maharage au dagaa. Kipikeni mara 2 kwa wiki kwa miezi 2. Kila mtu aonje, mkubwa na mdogo, na asiyependa leo apewe nafasi tena wiki ijayo.