Dada, Mgonjwa Kaniita "Cheeky Bugger"

Mdogo wangu mmoja, muuguzi aliyehamia kaskazini mwa Uingereza, ameniandikia usiku wa manane akiwa amefura. Wodini kwake kuna mzee wa miaka 80 na ushei. Asubuhi alimtania kwamba chai haiji mpaka vidonge vyote viishe. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamwambia: "You cheeky bugger." Binti akaingia stoo, akafungua kamusi kwenye simu, akakuta "mlawiti". Tangu siku hiyo mzee haambiwi neno zaidi ya "meza" na "nyanyua mkono". Anauliza: apeleke malalamiko kwa msimamizi wa wodi, au anyamaze kwa kuwa ni mgeni?

Usipeleke, mdogo wangu. Kesho mpelekee chai yake huku unatabasamu, kwa sababu yule mzee alikuwa anakwambia umemweza.

Najua utaniuliza, kamusi je? Kamusi haikusema uongo, ila imekuonyesha babu wa neno, nawe unaishi na mjukuu. "Bugger" lilitokana na jina la Wabulgaria. Katika Zama za Kati, kanisa la Ulaya Magharibi liliwahesabu baadhi yao kuwa wazushi wa dini, na mzushi enzi hizo alibebeshwa kila uchafu, ulawiti ukiwemo. Karne zikapita, neno likachakaa midomoni mwa watu. Leo ukiwa Yorkshire, "poor bugger" ni maskini ya Mungu, "silly bugger" ni mjinga wewe kwa sauti ya mapenzi, na "lucky bugger" ni aliyeokota dodo chini ya mnazi. "Bugger all" maana yake patupu, hakuna kitu. Sikwambii ulitumie mbele ya daktari mkuu. Nakwambia ukilisikia usitafute stoo ya kulilia.

Sikiliza neno linalotangulia. "Cheeky," "poor," "silly," "daft," "old": likitanguliwa na mojawapo ya hayo na uso ukiwa umekunjuka, umetaniwa. Likija kwa mkato, "bugger off," hapo umefukuzwa, na umefukuzwa kwa ukali. Wazee wa huko ndivyo walivyo. Ukisogea kidogo kuelekea Nottingham na Derby utaitwa "duck", yaani bata, na anayekuita hivyo ni mama muuza mboga aliyekupenda tu.

New Zealand ndiko walikolipeleka neno hili hadi kwenye televisheni. Mwaka 1999 Toyota walitoa tangazo la Hilux ambalo karibu lote lina neno moja tu. Gari lina nguvu kuliko mkulima alivyodhani, kila akiligusa kitu kinaharibika, naye anasema "bugger". Mwishoni mbwa anaruka apande nyuma, anakosa, anatua matopeni, naye analisema. Watu walilalamika, lakini chombo kinachosimamia matangazo kikayatupa malalamiko yao. Sasa mpeleke mkulima yule Marekani: kule babu anamwita mjukuu wake "little bugger" akidhani ni kama kusema kajanja, wala hajui kuna mtu amewahi kuona haya kwa neno hilo.

Haya, tuje kwa "bloody". Wengi wenu mmelizoea kwenye filamu za Harry Potter, maana yule rafiki mwenye nywele nyekundu halimtoki mdomoni. Lakini mwaka 1914 lilitikisa London. Bernard Shaw alimpa mwigizaji Mrs Patrick Campbell alitamke jukwaani kwenye tamthilia ya Pygmalion, katika ukumbi wa His Majesty's, na ukumbi mzima ukaangua kicheko cha watu wasioamini masikio yao. Lilikuwa neno la mtaani, na mwanamke wa jukwaani hakutarajiwa hata kulijua. Baada ya miaka 100 na kidogo, mwaka 2016, Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, iliwauliza wananchi uzito wa matusi mbalimbali, na "bloody" likawekwa kapu la maneno mepesi pamoja na "damn" na "cow". Ndiyo, "cow". Mwite mtu ng'ombe Nakuru halafu uone kama litakuwa jepesi.

Ila wepesi huo usikudanganye ukadhani Waingereza wote wamelizoea. Mwaka 2006 shirika la utalii la Australia, ambalo mkurugenzi wake alikuwa Scott Morrison aliyekuja kuwa waziri mkuu, lilitoa tangazo la kuwakaribisha wageni. Binti mrembo, Lara Bingle, amesimama ufukweni, anamaliza kwa kuuliza mko wapi, na katikati ya swali kachomeka "bloody hell". Kwa Mwaustralia huo ni ukarimu, ni kama shangazi anayekufokea kwa nini hujaja kula. Uingereza wakalizuia lisionyeshwe kwenye televisheni kwa sababu ya neno hilo. Waziri wa utalii wa Australia akapanda ndege kwenda kuwabembeleza, na zuio likaondolewa. Canada walikuwa na lao: huko kilichowakwaza ni bia iliyotajwa mwanzoni mwa tangazo. Kwa Wamarekani wengi "bloody" ni neno la Waingereza wa kwenye filamu, halina uchungu wowote.

Ukitaka kumuumiza Mmarekani, mguse penye dini. "Hell" na "damn" ambayo London hayamwamshi mtu usingizini, katika majimbo ya kusini ya Marekani yanaweza kukufanya usialikwe tena kwenye chakula cha Jumapili. Usiseme "God damn" kwenye nyumba ya mlokole wa Alabama. Hata televisheni za kawaida huko mara nyingi hulifunika lile neno la Mungu kwa mlio na kuliacha "damn" lipite. Wazazi wamewafundisha watoto "heck," "darn" na "gosh" ili mdomo upate pa kupumulia.

Neno linaloniumiza kichwa zaidi ni "bastard". Waingereza wa ule utafiti wa Ofcom waliliweka kwenye kundi la matusi makali. Kwetu tusiseme, maana ukimwita mtu mwanaharamu humtukani yeye peke yake, unamtukana mama yake na ukoo mzima. Lakini wadogo zangu mlioko Australia mnaniambia fundi kazini kawaita hivyo huku anawapa soda. Kuna kisa Waaustralia hawachoki kukisimulia, cha ziara ya kriketi ya 1932 na 1933 ambayo timu ya Uingereza ilichukiwa sana kwa jinsi ilivyokuwa ikirusha mipira kuelekea miilini mwa watu. Nahodha wa Uingereza, Douglas Jardine, akaenda kwenye chumba cha wenyeji kulalamika kwamba mchezaji wao mmoja kamwita bastard. Vic Richardson aliyefungua mlango akawageukia wenzake, akauliza ni nani kati yenu ma-bastard kamwita huyu bastard kuwa bastard. Iwe kweli au imetiwa chumvi, angalia kilichomo: wenzake ni ma-bastard kwa upendo, mgeni ni bastard kwa chuki, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Sisi tuna utani. Mtani wako anakuja msibani, anajilaza kwenye jeneza, anadai marehemu alikuwa mlafi na ana deni lake, watu wanacheka machozi yakiwatoka. Akija asiye mtani akasema nusu ya hayo, atatolewa na vijana. "Bastard" la Australia linaendeshwa hivyohivyo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si neno gani limesemwa. Jiulize kama aliyelisema ana haki hiyo kwako, na kama wewe umeshapata haki hiyo kwake. Wageni wengi hupewa ya kwanza mapema, ya pili huchelewa sana. Ukiitwa "old bastard" na msimamizi wako, cheka. Usimrudishie wiki ya kwanza.

Kuna pia upande wa pili, wa maneno ambayo Mmarekani anayatupa hovyo huku Mwingereza anaficha uso. Wewe unayetaka kununua mkoba wa kufunga kiunoni: Marekani unaitwa "fanny pack", kwa kuwa "fanny" kwao ni makalio, tena kwa lugha ya bibi. Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand "fanny" ni sehemu ya siri ya mwanamke. Ingia duka la London uulize "bum bag", tafadhali. Na "pissed": New York umekasirika, London umelewa. Kijana akimwandikia meneja wake Mwingereza kwamba jana alikuwa "pissed" kwenye kikao, ajiandae kwa mazungumzo mengine kabisa.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Lisilochekesha ni "spaz". Mwaka 2022 mwanamuziki Lizzo alilitumia kwenye wimbo, na wiki chache baadaye Beyoncé naye akalitumia kwenye wake. Marekani wengi hulisikia kama kupagawa, kuchachawa. Uingereza na Australia ni tusi baya kwa watu wenye ulemavu wa mtindio wa ubongo, baya kiasi kwamba shirika la Uingereza lililokuwa na neno "Spastics" kwenye jina lake lilibadili jina mwaka 1994 na kuitwa Scope. Watetezi wa watu wenye ulemavu wakapaza sauti, na wanamuziki wote wawili wakalitoa neno na kurekodi upya. Niliwaheshimu kwa hilo. Hawakuanza kueleza kwamba kwao lina maana nyingine.

Karibea ni somo peke yake. Kiingereza wanakizungumza, bahari yao nzuri, na wageni hudhani ni watu wa kila kitu poa. Mwaka 2016 rapa 50 Cent alipanda jukwaani St Kitts, akatoa tusi ambalo kwao New York ni kama nukta mwishoni mwa sentensi. Alikamatwa na polisi, akatozwa faini. Kutukana hadharani katika visiwa kadhaa vya huko ni kosa la jinai. Na Jamaika, matusi yao mazito kabisa yanahusu vitambaa, jambo ambalo mgeni hawezi kulikisia hata akeshe.

Sasa nawageukia wenyewe, maana na sisi tuna mizani yetu. Mwingereza anamwambia mwenzake "don't be stupid" akimkataza kulipa bili ya chakula. Mwambie hivyo mtu mzima Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, urafiki umeisha, na huenda kikao cha wazee kikaitishwa. "Stupid" kwetu ilikuja na fimbo ya mwalimu, na uchungu wake haujaondoka. Kwa hiyo mume wako wa kizungu akikwambia hivyo, kabla hujafunga sanduku, mweleze. Mweleze mara moja, kwa utulivu. Akirudia baada ya kuelezwa, hiyo ni habari nyingine, niandikie.

Na kwa nini ninyi wenyewe mnatukana vibaya kwa Kiingereza kuliko mnavyotukana kwa Kiswahili? Msinibishie, nawasikia. Yupo mtaalamu wa isimu wa Chuo cha Birkbeck, London, Jean-Marc Dewaele, aliyechapisha mwaka 2004 utafiti kuhusu watu wenye lugha nyingi na matusi. Kwa jumla, tusi la lugha ya kwanza ndilo linalochoma zaidi; la lugha uliyojifunza baadaye linapoa. Ndiyo maana binti ambaye hawezi kutamka tusi la nguoni mbele ya mama yake anamwaga "shit" mbele ya wajomba bila kupepesa. Ulimi wake hauonji pilipili, lakini wanaomsikiliza wanaionja. Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni mmoja na sibadiliki: yaelewe yote, usiazime hata moja mpaka uwe umekaa miaka. Ukiangusha chombo wodini sema "oh dear". Au sema "sugar", kama wanavyosema bibi za Kiingereza wanaojizuia kwenye herufi ya kwanza.

Jambo la mwisho kwako muuguzi, na kwa wote waliofuata mkataba wa wauguzi ambao Kenya na Uingereza walitia saini mwaka 2021. Nimekwambia usimshtaki mzee wa chai. Sijakwambia umeze kila kitu. Mgonjwa akikutukana kwa rangi yako, nchi yako au lafudhi yako, hapo hakuna cha "ndivyo walivyo". Waingereza wenyewe, katika ule utafiti wa 2016, waliyaona maneno ya ubaguzi kuwa mabaya kuliko ya chooni na ya kitandani. Andika siku hiyohiyo: saa, mahali, maneno yenyewe herufi kwa herufi, na nani alikuwepo. Usiyasafishe maneno kwa aibu. Karatasi inatakiwa iyasikie kama ulivyoyasikia wewe. Peleka kwa msimamizi, baki na nakala.

Wewe wa Perth unayeuliza kama umkataze mwanao kusema "bloody" nyumbani wakati mwalimu wake analisema darasani, barua yako nimeipata. Inahitaji nafasi, naisogeza toleo lijalo. Ila niandikie tena uniambie baba yake anasemaje, maana katika kurasa tatu zote hukumtaja.